Mwanaume wa nursery: nilivyopata kazi ya ECDE huku Nyeri na magunzi ya mahindi

Wakuu, habari za mchana. Hii kitu nimeikalia muda, leo naiandika yote ilivyokuwa. Mahali niliaibika nitasema niliaibika, sina haja ya kujipaka mafuta mbele ya watu hawanijui.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na nane, wa huku Tetu. Niko na diploma ya ECDE, yaani nimesomea kufunza watoto wa chekechea.

Najua mshaanza kucheka. Chekeni mmalize, tuendelee.

Huku kwetu ukisema wewe ni mwalimu, watu wanakupea kiti. Ukisema ni wa nursery, na uko na ndevu, wanauliza ati kwani ulikosa marks za kusomea kitu ingine? Hiyo swali nimeulizwa miaka mitatu. Kanisani, kwa kinyozi, hata kwa mazishi ya jirani, mtu anashikilia jembe ananiuliza.

Private schools nazo zilikuwa zinaona jina la mwanaume kwa barua, Mwangi, wanaweka kando. Moja ya Karatina waliniambia kwa uso kwamba wazazi hawawezi kubali mwanaume. Hiyo iliniuma sana, siwezi wadanganya.

Kwa hiyo nikawa kwa soko ya Karatina na shangazi yangu, tunaosha karoti na kuzipanga kwa magunia. Kazi ni kazi, lakini hiyo haikuwa yangu.

Siku moja mzee akaniita. Baba yangu si mtu wa maneno mingi.

"Mwangi, nimechoka kukuona ukitembeza hiyo file. Uncle yako wa Kangema anataka mtu wa kusimamia wachunaji chai. Anakungoja."

Nikamuomba anipee interview moja tu.

"Moja," akasema. "Ukikosa, unaenda Kangema, na hayo makaratasi unaweka kwa sanduku."

Nikakubali. Na nyinyi wenye mko na baba Mkikuyu mnajua, ukishakubaliana na yeye umekubaliana.

Haikupita wiki mbili, msichana tulisoma na yeye college, Wanjiru, akanitumia tangazo kwa WhatsApp. Walimu wa ECDE wanatafutwa wadi yetu! Kila mtu atafunza somo fupi mbele ya watoto wenyewe, na aje na vifaa vyake vya kufunzia.

Sasa hapa ndio ujinga yangu inaanza.

Wanjiru alituma picha mbili. Mimi nilikuwa nimebakisha bundles kidogo sana. Nikafungua ya kwanza, nikaona tarehe, nikaona mahali, nikaona vifaa. Ya pili nikaiacha hivyo hivyo na ukungu wake. Nikajiambia hiyo ni sahihi na muhuri tu.

Nikajiandaa kama mtu anaoa. Cheti cha polisi, vyeti vya shule, blazer ya binamu yangu. Halafu nikaenda Nyeri town kwa duka ya vitabu, mwenyewe ni mzee Mhindi anaongea Kikuyu kunishinda. Akanitolea chati za namba, plastiki ngumu, rangi zinang'aa. "Mwalimu, hii hata mtoto akimwagia uji unapanguza tu." Nikanunua zote tatu. Nilitoka hapo nimejaa kifua.

Interview ilikuwa kwa nursery moja karibu na Giakanja. Tulikuwa kumi na wawili, wanawake kumi na moja na mimi. Naangalia wenzangu naona wamebeba viondo, ndani ni vifuniko vya soda, vidoli vya matambara, magunia yameshonwa herufi. Nikawaonea huruma, aki. Nikasema hawa leo wamenisindikiza.

Wanjiru akakaa karibu na mimi, akaona chati.

"Mwangi, wewe umekuja na hizo?"

"Eh, si unaona quality?"

"Kwani hukusoma picha ya pili?"

Akanionyesha kwa simu yake. Imeandikwa wazi kabisa: vifaa viwe vimetengenezwa na mwalimu mwenyewe kwa vitu vya mazingira. Vya kununua havitakubaliwa.

Wakuu! Niliona Kangema. Niliona chai mpaka mwisho wa maisha yangu.

Mimi nilikuwa namba tisa, na ndani alikuwa namba sita. Nikiwa na bahati, dakika arobaini.

Nikaacha chati kwa benchi nikazunguka nyuma ya shule nikitafuta chochote. Huko kuna jikoni, na mama anapikia watoto uji. Kando ya moto, rundo la magunzi ya mahindi, anatumia badala ya kuni.

"Mama, naomba magunzi."

"Ya nini, na umevaa tai?"

"Mama, tafadhali, ni ya interview."

Akaniangalia juu mpaka chini, akacheka, akanichagulia kumi mazuri na akaniongezea kipande cha makaa. Nikachora macho na midomo. Maganda makavu nikafungia mengine kama leso kichwani. Chini ya mti wa blue gum hapo uani nikaokota zile mbegu zake, zile za kama kikombe kidogo. Wakaita namba tisa nikiwa bado nimechuchumaa, blazer ya watu imejaa masizi.

Ndani kuna watoto kama ishirini na watu watatu wa kutoa marks, mmoja ni mama wa miwani hacheki hata kidogo. Nilikuwa nimekariri somo yote ya chati. Nikaitupa. Nikavua blazer nikapiga magoti chini kwa simiti.

"Watoto, hawa ni wageni wa ruracio. Wamekuja kwa cucu kuomba msichana. Wako kwa gate. Wataingia bila kuhesabiwa?"

"Aaapana!"

Mtoto wa huku ameona ruracio, hiyo sherehe ya kupeleka mahari, anajua wageni wanasimamishwa kwa gate kwanza. Wakaanza kuwaimbia bila mimi kuwaambia! Tukahesabu mgeni mmoja mmoja akiingia mpaka kumi. Halafu nikawaambia cucu, yaani nyanya ya msichana, anataka kila mgeni apate kikombe chake. Wakang'ang'ania zile mbegu za vikombe, kila mmoja anapeleka chai.

Kulikuwa na kasichana kalikuwa kameshika sketi ya mwalimu wao tangu niingie, hakataki kuniona. Mara kakaachilia, kakaja polepole, kakaonyesha gunzi moja la mwisho.

"Mwarimu, huyu hajapewa chai."

Hiyo, wakuu, ndio somo yenyewe. Mtoto akijua mwenyewe kwamba mmoja amekosa, ameshaelewa kuhesabu. Nilitaka kumbeba juu. Mama wa miwani akaandika kitu kirefu.

Kisha akaniuliza, "Wewe ni mwanaume. Wazazi wakikukataa?"

Nikamjibu, "Nitawaambia waingie wakae wanione nikifunza. Mlango yangu sitafunga."

Akasema asante. Hiyo tu.

Majina yalibandikwa kwa ofisi ya wadi baada ya wiki tatu. Mzee alikuja na mimi bila kuambiwa. Nilikuwa wa pili kwa list. Wa kwanza ni Wanjiru, na ilimfaa.

Mzee alisoma hiyo jina na kidole, akarudia. Kisha akatoa simu akapigia uncle hapo hapo katikati ya watu, sauti ya juu: "Huyo kijana haji. Tafuta mwingine. Mimi niko na mwalimu hapa."

Nilienda nyuma ya ofisi nikalia kama mtoto. Sioni haya kusema.

Kwa wenye mnatafuta kazi ya kufunza: vyeti kila mtu ako navyo. Someni tangazo mpaka mwisho, bundles ziishe ziishe. Na siku ya interview usifunzie wale wakubwa wamekaa nyuma, funzia watoto wenye wako mbele yako.

Wanaume wa ECDE, kama mko humu jitokezeni, nimechoka kuwa peke yangu kwa mikutano. Na mwenye ako na swali aulize sasa. Darasa yangu yote imelala kwa mkeka, niko na kama nusu saa kabla waanze kuamka.