Mzee Amepumzika

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Mbotela, na vidole vyangu vina haraka kuliko akili. Juzi nilimpeleka Mzee Wafula kliniki, siku aliyopangiwa chanjo ya nimonia. Anaishi peke yake. Wanawe wako hapa hapa Nairobi, lakini tangu wamzike mama yao hawajarudi kumwona. Tulipofika nyumbani alikuwa amechoka, akalala. Nikaona niwaandikie wanawe wasiwe na wasiwasi: "Siku ya mzee ilikuwa imefika. Hakusikia uchungu wowote. Sasa amepumzika."

Chanjo sikuitaja hata kidogo. Nikaacha simu kwenye chaji, nikaenda kufua.

Jioni, nikiwa bado nafua, nikasikia vilio, nikatoka mbio. Wanawe wote walikuwa nje kwa mzee, majirani wanapanga viti, kifungua mimba analia, "Baba, si ungetungoja!"

Mlango ukafunguka. Mzee akasimama pale, pamba ya sindano ingali begani, akawatazama mmoja mmoja kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake.

"Wanangu, mmekuja wote!" Kisha akaviona viti. "Kwani nani amekufa?"

Wote walinigeukia mimi, mikono yangu ingali imejaa povu.