Bibi ameniomba kirusi cha panya

Leo nimemwambia bibi yangu jambo ambalo labda ningelinyamazia.

Hii ni wiki ya tatu bibi hali chakula. Tulimtoa kijijini Mwimbi tukampeleka Sumbawanga mjini, akapimwa, tukarudi naye nyumbani. Dawa anameza, chakula hapana. Asubuhi mama alimwambia, "Mama, unatutesa makusudi."

Mama alipoenda shambani tukabaki wawili, nikataka kumfariji. (Mnanijua, kuongea kunanishinda.)

Nikamweleza nilichosoma kwenye simu. Njaa huletwa na homoni. Maabarani, wanasayansi huchukua kirusi, wakakiondolea uwezo wa kuleta ugonjwa, wakakibebesha jeni ya homoni hiyo, kisha wakakiingiza kwenye ubongo wa panya ili waone jeni inafanya nini.

"Na panya anakula?"

"Anakula sana, bibi."

Bibi akanishika mkono.

"Mke mwenzangu, niletee na mimi hicho kirusi. Kula nataka. Njaa ndiyo siisikii. Na mama yako kila siku hulia huko jikoni, anadhani simsikii."

Nikamwambia bado ni utafiti tu, watu hawapewi.

Akacheka kidogo. "Basi panya wa huko wana bahati."

Siku zote hizi tulimgombeza mtu ambaye hakuwa akikataa kula.

Mama yuko njiani kutoka shambani. Lazima nimwambie kabla hajaingia chumbani kwa bibi, na sijawahi kumwambia mama kwamba amekosea.

Nyie mngeanzaje?