Mshonaji wa Kwa Kinyozi

Tarehe 3 Machi 1998, mshonaji aliteremsha cherehani yake kutoka kilimani, akaiingiza kwenye chumba chenye mlango wa bluu kando ya barabara. Kinyozi aliyekuwa akikitumia alikuwa amehamia kwa binti yake siku chache kabla. Aliacha kioo kirefu ukutani, na jina. Kioo kilimfaa mshonaji. Wateja wanajigeuzageuza mbele yake mpaka leo. Jina ndilo lililomkaa kooni.

Tangu siku hiyo hapajanyolewa hata ndevu, lakini kata nzima inapaita Kwa Kinyozi. Wapo wageni walioingia, wakakaa kitini na kuinamisha kichwa. Mmoja alitoka na suruali mpya, nywele zake vilevile.

Basi ofisi ya kata ilipoamua kusimika vibao vya majina ya mahali, mshonaji alijua zamu yake imefika. Karani alipopita kuulizia majina, alimkuta na pini mdomoni. Akazitoa.

"Hapa andika Kwa Mshonaji."

"Watu watapotea, mama."

"Watapoteaje na mimi nipo, mwaka nenda mwaka rudi?"

Karani alikuna kisogo. Akasema akipata wenyeji wawili watatu wa kuthibitisha, ataandika. Hapo hapo simu ya mshonaji ikalia. Ni mteja mpya, anatafuta mtu wa kumshonea sare za shule.

"Rahisi sana, mwanangu. Shuka Kwa Kinyozi, utaona mlango wa bluu. Huwezi kukosa."

Alipoweka simu, karani alikuwa ametazama dari, midomo ameibana.

"Shahidi wa kwanza huyo," karani alisema.

"Nyamaza wewe! Ulimi umeteleza."

"Umeanza kuteleza lini, mama?"

Kabla hajajibiwa, akaingia mdogo wa mume wa mshonaji, anayeziba matairi ya baiskeli katika kile chumba cha kilimani alichokihama shemeji yake. Mikono imejaa grisi, uso ameukunja.

"Karani, wewe ndiye ninayekutafuta. Na wewe shemeji, nitetee. Nimeziba pancha kule mpaka nimeota mvi, na bado watu wanapaita Kwa Mshonaji. Jana kaja bibi mmoja na gauni, eti nimpunguzie kiuno!"

Mshonaji aliacha kukunja kitambaa.

"Bado wanapaita hivyo?"

"Wote! Hata watoto ambao hawajawahi kukuona kule."

Mshonaji alikaa kwenye stuli ya cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Muda wote huo alikuwa akililia jina huku barabarani, kumbe analo, aliliacha tu kule kilimani. Alijitazama kwenye kioo cha kinyozi, akatabasamu.

"Karani, hapa andika Kwa Kinyozi. Kule juu andika Kwa Mshonaji, na herufi ziwe kubwa."

"Na mimi je?" shemeji alilalamika.

"Wewe hama tu, shemeji. Ukishaondoka, utaitwa."

Karani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shemeji alijaribu kununa, akashindwa.

Vibao vitasimikwa Jumatatu. Cha kilimani kitakaa mbele ya mlango wa shemeji, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyundo, atakipigilia mwenyewe. Mshonaji atapanda kwenda kumshikia misumari.