Kupe wa Ngamia

Wakati wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, nilikuwa Garissa, nikichunguza jinsi kupe anavyojikinga na maradhi. Nilipenyeza uzi mwembamba mwilini mwake, kisha nikatazama kwa hadubini seli zake zikiuzingira mpaka zikaufunika kabisa.

Kupe nilipewa kisimani. Mama mmoja mzee aliwabandua kwenye ngamia wake na kunitilia chupani, akinicheka kwamba serikali imemsomesha mtu mzima aje kuokota kupe.

Kisha serikali hiyo hiyo ikawafungia wafugaji kambini, ndani ya seng'enge, na askari wakawamiminia ngamia risasi. Ngamia akishakufa na kupoa, kupe humhama. Nilizunguka kwenye mizoga na chupa tupu, nikiwalaani askari, nikililaani jua, nikiilaani hata hiyo elimu yangu.

Mwishowe niliomba ruhusa nikaingia kambini. Yule mama alinitambua. Aliitazama chupa, safari hii hakucheka.

“Ngamia imekwisha, daktari,” alisema. “Kupe haijakwisha.”

Akamvuta mjukuu wake, akamwinamisha kichwa na kumfunua shingo. Kupe walikuwa wamejipanga nyuma ya masikio.

“Chukua,” akaniambia.