Johan Alipewa Vidonge, Mimi Nikapewa Panadoli

“Dawa ya kujikinga na VVU huku Sweden ni ya kila mtu. Sisi Waafrika tunajinyima wenyewe kwa aibu.” Ndugu mmoja aliandika hivyo hapa kundini wiki iliyopita, mkamjazia mioyo. Ni uongo, na ushahidi ni mimi. Admin, nifiche jina.

Mimi ni Mkenya wa miaka arobaini na tisa, naishi Rissne, pembeni mwa Stockholm, napika kwenye jiko la shule. Mume wangu yuko Kisumu kikazi mwaka wa pili sasa, na ana mwanamke huko. Sikuambiwa, nimeona picha. Mpira hataki kuusikia. “Mimi ni mume wako, si mteja,” hunijibu. Anakuja likizo baada ya wiki mbili.

Kazini nina mwenzangu, Johan, Mswidi anayeishi na mwanamume mwenzake. Kila asubuhi humeza kidonge chake cha PrEP, hiyo dawa ya kujikinga, na kahawa mbele yetu, kama vitamini. “Nilienda, nikaomba, nikapewa,” aliniambia. Nampenda yule kijana, lakini kwa kidonge kile namwonea wivu.

Nikaenda kliniki. Kwa kuona jina langu tu, walishaniwekea mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Nikamwambia muuguzi kwa Kiswidi, lugha ninayoizungumza kwa miaka kumi na minane, kwamba simhitaji mkalimani. Akatabasamu: “Ni kwa usalama wako.” Spika ya simu ikaita kwa Kiswahili cha Kongo, “Bonjour mama, sema tu, niko nakusikia.” Sauti ile ndiyo inayoongoza maombi kanisani kwetu kila Jumapili! Nikasema kichwa kinaniuma. Nikapewa panadoli.

Sawa, siku hiyo ilikuwa aibu, nakubali. Lakini nilirudi, nikakataa simu, nikasema yote, mpaka habari ya picha. Daktari akanitazama: “Si umeolewa? Dawa hii ina makundi yake ya walio hatarini. Mumeo akifika, njooni mpimwe.” Yaani nisubiri niambukizwe kwanza, ndipo niwe kwenye kundi? Hapo aibu ni ya nani, ndugu?

Huruma kaeni nayo. Ninyi wauguzi na madaktari Waafrika wa Stockholm, najua mnasoma hapa kimyakimya. Nishaurini leo, si baada ya wiki mbili: niende kwa nani aniandikie? Na Johan alisema neno gani ambalo mimi sijalisema?