L za Mzee Jalal

Jamani, aibu za watu wengi huisha waliokuwepo wakisahau, lakini yangu mimi ilirekodiwa, tena waliokuwa wanaisikiliza ni wasomi.

Ilikuwa wakati wa korona, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku ughaibuni, mji wa Campbelltown, ndugu zao hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo sisi wahudumu ndio tunawashikia tableti waongee na watu wao. Mzee Jalal, Mwafghani, alikuwa bado anakumbuka Kitirahi, lugha ya bibi yake, ambayo huenda hakuna mwingine anayeijua (hata binti yake, Nadia, hakufundishwa). Mwalimu mmoja wa chuo akaomba kumrekodi kwa video.

Siku hiyo mzee alikataa kuvaa meno yake ya bandia, maneno yanatoka kama upepo, mwalimu hasikii kitu. Akaniuliza, "Dada, unaweza kurudia anachosema?"

Ningeweza kusema ngoja nimbembeleze avae meno. Nikasema naweza. Basi mzee ananong'ona, mimi napaza sauti, neno la mbuzi, la maji, la mkwe, hata nikanogewa, najiona nimeokoa lugha ya watu.

Wiki chache baadaye mwalimu akaitisha mkutano wa mtandaoni, wasomi wamejaa kwenye kioo, Nadia yupo, mimi na mzee tuko mbele ya tableti (safari hii ana meno). Mwalimu akaeleza kwamba amegundua jambo kubwa, Kitirahi kimepoteza L, zote zimegeuka R. Akafungulia ushahidi. Ikatoka sauti yangu.

Mimi ni Mrundi. L na R ulimini mwangu ni kitu kimoja.

Nadia akasema taratibu, "Hiyo si sauti ya baba. Ni ya mhudumu."

Ningenyamaza yangeishia hapo. Nikafungua kipaza sauti nijitetee, nikasema nilirudia vilevile alivyotamka Mzee Jarar.

Mzee akaisogelea tableti. "Naitwa Jalal. Huyu ananiita Jarar tangu aanze kazi, nikadhani ndivyo Kiingereza kinavyosema."

Wakacheka wote, na mimi ndiye niliyeshika tableti, siwezi hata kukimbia. Mwalimu, uso umemwiva, akamwomba mzee aseme mwenyewe. Akasema neno moja moja, L zake zote zipo, na R nyingine ya kukunja ulimi ambayo mimi sitaijaribu. Nadia alizima kamera yake, lakini tulimsikia analia.

Tangu hapo, mtu akiniomba nimsemee mwingine, namsogezea mwenyewe kipaza sauti, nami napandisha barakoa yangu.