Mshenga Aliyevaa Buti

Bibi Bertha wa Nyololo hana cheo chochote duniani. Anauza viazi vya kuchemsha kando ya lami, Jumapili anaimba kwaya, basi. Lakini hebu kamuulizeni afande Kalinga kama amewahi kuhojiwa namna ile maishani mwake!

Afande huyo alikuwa akizunguka vijijini kuhamasisha vijana wajitolee jeshini. Akamwona Benedicta, mjukuu aliyelelewa na Bibi Bertha tangu ananyonya. "Wewe umeumbiwa gwaride," akamwambia. "Miaka miwili tu, halafu ajira nje nje. Majina yanafungwa Ijumaa."  Jumatatu iliyofuata Benedicta alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi, asipotokea nafasi yake anapewa mwingine. Lakini zile sare, jamani! Akampeleka afande nyumbani ili ajaze fomu.

Bibi akampokea vizuri kwa salamu za kwao, kamwene, kamwene, akammiminia chai. Fomu akaiweka juu ya kabati bila kuitazama.

"Baba, umekuja kuchukua binti," akasema. "Kwetu anayekuja kuchukua binti ni mshenga, na mshenga haondoki na binti siku ya kwanza. Nijibu. Hiyo ajira imeandikwa wapi? Akiumia, nani atamuuguza? Na uliowachukua kabla yake wako wapi? Niletee hata mmoja nimwone."

Benedicta alitamani ardhi impasukie. "Bibi, unanitia aibu!"

"Aibu haiui mtu. Kunywa chai."

Kalinga akacheka, akaaga. Benedicta akanuna siku mbili, hata kuosha viazi akagoma, maana alijua yule harudi tena.

Alhamisi akarudi. Alikuwa amevua kofia, na alifuatana na kijana aitwaye Lugano, mpakia mbao kule Mafinga. Lugano akasema kambini alifundishwa kulima, kuvumilia na kutomwogopa mtu, na hajutii. "Ila miaka miwili ilipoisha nilirudi nyumbani, bibi. Ajira wanapata wachache."

"Akiumia tunamtibu," Kalinga akaongeza, macho chini. "Lakini ajira haijaandikwa popote. Nilisema vile kwa kuwa ndivyo vijana wanavyopenda kusikia. Nisamehe, mama."

"Haya, sasa umekuwa mshenga," bibi akasema, akampa kiazi kikubwa kuliko vyote.

Kisha akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikawa nyingine. "Mimi nilichukuliwa nina miaka kumi na sita. Baba alikunywa pombe ya ulanzi na mshenga, jioni nikaambiwa nifunge kanga zangu. Babu yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini hakuna aliyeniuliza." Akamshika mkono. "Sasa mimi nakuuliza wewe. Tumpokee mshenga huyu?"

Benedicta akaitazama fomu kule juu ya kabati. Alijua kabisa kwamba akikubali, bibi atamfungashia viazi na kumsindikiza mpaka kwenye geti la kambi, bila neno. Hilo ndilo lililomliza.

"Bado, bibi. Kwanza chuo. Nikimaliza, nikitaka, nitakwenda mwenyewe."

Kalinga akachukua fomu yake. Na bibi? Akauliza tena, na tena, mara tatu kama anavyotakiwa kuulizwa binti anayeposwa, na kila alipojibiwa alitabasamu huku machozi yakimtoka, kwa raha tu ya kuuliza.